TAHADHARI: "Mshauri wa mafao" anayewawinda Waswahili walio jeshini Marekani

Wadau, hasa mlio jeshini Marekani na mliokwisha kuvua gwanda, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na kwenye ibada za Jumapili karibu na kambi. Kiswahili chake safi, ukimsalimia anakuita "mdogo wangu", kichwani kofia ya jeshi, na kadi yake imeandikwa mshauri wa mafao ya wanajeshi. Si mshauri wa mafao huyo. Ni wakala wa kampuni binafsi ya bima ya maisha, anakula kamisheni. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yako mezani kwa kamishna wa bima wa jimbo, ila namna anavyofanya kazi nitaieleza mpaka mumtambue akiwa bado mlangoni.

Habari hii niliijua kupitia binamu yangu, kijana mwenye cheo cha E-2, cha pili kutoka chini, ametoka depo juzijuzi. Alinitumia picha ya LES yake, yaani hati ya mshahara wa jeshi, akiuliza mbona mshahara umepungua. Kwenye upande wa makato ya hiari kulikuwa na dola 150 zinazokwenda kila mwezi kwa kampuni ambayo hata jina lake hakuweza kulitamka. Namuuliza hii ni nini, ananijibu: "Kaka, ile ni akiba. Anko alisema ni akiba ya jeshi, nikitoka naichukua yote." Anko ndiye huyo wakala.

Nikamwambia anipige picha mkataba mzima, si ukurasa wa sahihi tu. Kumbe ni bima ya maisha ya kudumu, fao lake dola 50,000, na pembeni wamebandika mfuko wa kuweka pesa. Ndani kuna jedwali la kiasi utakachopata ukivunja mkataba. Mwaka wa kwanza: sifuri. Mwaka wa pili: sifuri. Neno "akiba" limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipeperushi, lakini kwenye mkataba halipo. Na kubwa kuliko yote, "anko" alikuwa amemshawishi aifute kabisa SGLI, bima ya jeshi, kwa hoja kwamba "ile inakufa siku unapotoka, hii yangu unazeeka nayo".

Fanyeni hesabu. SGLI inafika hadi dola 500,000 tangu Machi 2023, na kuanzia Julai 2025 kiwango chote hicho kinalipiwa dola 26 kwa mwezi, ikiwemo dola moja ya kinga ya majeraha makubwa ambayo peke yake inaweza kulipa hadi 100,000. Kijana aliacha hiyo akachukua kinga ya 50,000 kwa dola 150. Kama lingemtokea la kutokea wakati ule, mama yake angepoteza dola 450,000, na mwenyewe alikuwa akilipa karibu mara sita zaidi kwa heshima hiyo.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda wanajeshi baada ya kubainika kwamba makuruta walikuwa wanakusanywa darasani na kuuziwa bima kana kwamba ni sehemu ya mafunzo. Mwaka uliofuata, chama cha makamishna wa bima wa majimbo, NAIC, kilitoa kanuni ya mfano kwa ajili ya majimbo. Kwa kanuni hiyo, wakala kumshawishi mwanajeshi aliye kazini avunje SGLI yake ni udanganyifu. Kushika au kusaidia kujaza fomu ya makato yako ni marufuku, na imetajwa wazi kwamba hata "kukusaidia" kuingia kwenye myPay, mtandao wa mishahara ya jeshi, ni marufuku. Huyu bwana aliishika simu ya kijana mwenyewe, palepale kwenye maegesho ya kanisa, akabonyeza yeye hadi mwisho. Kijana akaona ni ukarimu!

Tena kwa walio E-4 kwenda chini, maagizo ya Wizara ya Ulinzi yanataka zipite angalau siku saba kati ya kusaini maombi ya bima na kuidhinishwa kwa makato ya mshahara, labda kamanda aruhusu vinginevyo. Siku hizo umewekewa utulie, uwapigie watu simu, usome. Wakala anayekuhimiza umalize leo kwa sababu "ofa inaisha usiku wa manane" anazikimbia siku hizo saba, hana kingine.

Maagizo hayohayo, namba 1344.07, yanakataza kuuza kwa watu waliokusanywa pamoja, kuuza bila miadi, kumsaka mtu akiwa zamu, na kujipa vyeo vya kubabaisha. Wametoa hadi mifano: "mshauri wa bima wa batalioni", "mtaalamu wa kubadilisha SGLI". Kadi ya huyu jamaa ni pacha wa mifano hiyo. Wakala halali ndani ya kambi ana kibali cha kamanda wa kambi, na mkimaliza anatakiwa akupe fomu ya kumtathmini, DD 2885. Mwombe hiyo fomu. Wetu huyu haingii kambini kabisa, ndiyo maana anapenda makanisa, nyama choma na misiba. Misiba hasa. Watu wanachangishana kusafirisha mwili, mioyo imelainika, naye anasimama kusema "tungekuwa na bima tusingechangishana". Maneno ni ya kweli, na hapo ndipo penye ujanja wake.

Msome pia maandishi madogo. SGLI inalipa hata ukifa vitani. Baadhi ya bima binafsi zina kifungu kinachotoa vita nje, na nyingi hazilipi aliyejiua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Ya binamu yangu ilikuwa na vyote viwili. Unamuuziaje askari bima isiyotambua vita?

Kwa nyie mliokwisha kutoka, anakuja na wimbo mwingine: "VA imenituma." VA, idara ya serikali inayowahudumia maveterani, haimtumi mtu kukuuzia bima ya kampuni binafsi, na zile kadi za posta zenye tai na bendera zinazokuambia una "fao la mazishi ambalo hujalidai" mara nyingi ni mtego wa kupata namba yako ya simu. Ukitoka jeshini, SGLI inakufuata bure kwa siku 120. Una mwaka mmoja na siku 120 kuomba VGLI, bima ya maisha ya waliotoka jeshini, na ukiomba ndani ya siku 240 za mwanzo hakuna swali lolote la afya. Mwenye kisukari au presha, usiziache siku hizo 240 zipite ukimsikiliza mtu. Mwenye ulemavu uliotambuliwa na VA kuwa umetokana na utumishi, na hujazidi miaka 80, ipo VALife, bima ya maisha ya VA, tangu Januari 2023: hadi dola 40,000, hukataliwi, ila kinga kamili inaanza baada ya miaka miwili, na ukifa kabla ya hapo warithi wanarudishiwa ulichochangia pamoja na riba.

Wastaafu wa miaka ishirini anawaambia mkatae SBP, mpango wa kumlipa mwenzi wako ukifa, mchukue bima yake. SBP inamlipa mwenzi wako asilimia 55 ya kiwango mlichochagua, maisha yake yote, ikipanda na gharama za maisha. Kuikataa kunahitaji mkeo au mumeo asaini mbele ya mthibitishaji. Sahihi haitakiwi hivyo kwa mchezo. Kaeni wawili mzungumze, wakala akiwa hayupo.

Wengine wameniambia namwonea, eti ni mwenzetu na amewahi kutumikia. Sawa. Caz Craffy naye alikuwa meja wa jeshi la akiba na mshauri wa fedha aliyeajiriwa na Jeshi la Nchi Kavu, New Jersey, kazi yake kuzihudumia familia zilizofiwa. Pesa za vifo vya askari akazielekeza kwenye akaunti alizozisimamia yeye kwenye kibarua chake cha pembeni. Agosti 2024 alihukumiwa zaidi ya miaka 12 jela. Gwanda si cheti cha uaminifu.

Sisemi bima binafsi zote ni wizi. VGLI hupanda bei kila baada ya miaka mitano ya umri, kwa hiyo veterani mwenye afya njema na asiyevuta sigara anaweza kupata bima ya muda maalumu kwa bei nafuu kuliko hiyo. Lakini atafute mwenyewe, alinganishe kampuni kadhaa, na asiache alichonacho kabla kipya hakijaanza kazi.

Kama umeshasaini, soma leo kipindi cha kughairi kwenye mkataba wako. Majimbo yanakupa siku kadhaa za kurudisha na kurejeshewa pesa zote. Ghairi kwa maandishi. Makato yasimamishe mwenyewe kwenye myPay, kisha nenda ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi, ni bure. Leseni ya wakala inaangaliwa kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo lako. Binamu yangu amerudishiwa SGLI, ila ilibidi ajaze fomu yenye maswali ya afya, na pesa zake alizokwisha kukatwa kampuni bado inazizungusha.

Mwenye picha ya kadi ya huyu bwana, ujumbe wake wa WhatsApp au nakala ya mkataba, asifute. Nitumie kwa siri nikuunganishe na faili la malalamiko, au peleka mwenyewe kwa kamishna wa jimbo lako. Mara ya mwisho nimesikia amehamia karibu na kambi nyingine, na ameshaomba kuingizwa kwenye grupu la huko.