Kotlin na C++ ndani ya Android Studio: kazi inakwenda, ila RAM iwepo

Wadau mnaouliza kama Android Studio, ile programu ya Google ya kutengenezea app za Android, inafaa ukiwa na mradi nusu Kotlin nusu C++, inafaa, tena sana, naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya JNI, yaani daraja la Kotlin na C++ kuitana, nitaeleza.

Kwanza mashine. Google wenyewe wanasema RAM jigi 8 ndo kima cha chini cha Studio peke yake na 16 ukiongeza emuleta (simu ya kuigiza kwenye kompyuta), sasa ukishaingiza C++ we hesabu hiyo 16 ndo ya kuanzia, maana Gradle anayejenga mradi anakula, Clang, kompaila ya C++, naye anakula, bado hujawasha emuleta. Kama huna, tumia simu yako na waya wa USB, emuleta achana nayo.

Kuinstoo sio shida, unaingia SDK Manager unatiki NDK (vifaa vya C++ kwa Android) na CMake (chombo cha kujengea kodi ya C++) basi, ila fanya ukiwa na waifai au bando la usiku kwa sababu NDK peke yake ikishafunguka inazidi jigi moja. Halafu anza na templeti ya Native C++, inakuja na CMakeLists yake, faili la maelekezo ya CMake, tayari. Na ndkVersion, yaani toleo la NDK, iandike kabisa kwenye build.gradle ili timu nzima mkompaili na toleo moja. Waliopita enzi za vifaa vya zamani, Eclipse, Android.mk na Cygwin kwenye Windows, wanajua hapa tumetoka mbali, CMake imeingia humu 2016 na toleo la 2.2.

Utamu wenyewe uko kwenye kudibagi. Unaweka debaga kwenye Dual (Java na C++ pamoja), unatega brekipointi moja upande wa Kotlin nyingine upande wa C++, programu inasimama kote kote na pointa zako unaziona zina nini ndani, huku LLDB ya C++ kule debaga ya Java, dirisha lile lile. Inachelewa kidogo kuanza na usipotega upande wa C++ haikuingizi yenyewe, ila ukishaizoea hurudi tena kwenye kumwaga logi kila mstari.

Sasa JNI. Yale majina marefu ya Java_ kisha pakeji kisha klasi, ukibadilisha pakeji tu unakula UnsatisfiedLinkError, na kompaila haikwambii kitu, utajua programu ikishawaka. Alt+Enter inakuandikia fankisheni ya C++ yenyewe, asante kwa hilo, lakini C++ ikiwa ndo inaita Kotlin jihadhari na R8, kile chombo cha kupunguza kodi kwenye rilizi, inaweza kufuta methodi ikidhani haina mtumiaji, kwenye debagi safi, kwenye rilizi inaanguka. Weka @Keep juu ya methodi hiyo isifutwe, yaishe.

Na abiFilters, orodha ya aina za prosesa unazojengea, arm64-v8a lazima iwemo kwa sababu Play Store wanadai 64-bit tangu 2019, x86_64 ongeza kama emuleta yako iko kwenye kompyuta ya Intel. Kuna na hili la peji za memori za KB 16, Play wameanza kulidai Novemba 2025 kwa programu zinazolenga Android 15 kwenda juu. NDK r28 inalipanga yenyewe kwa kodi yako, tatizo ni zile .so za kupewa, yaani maktaba za C++ zilizokwisha kompailiwa na mtu mwingine, hizo zipitishe kwenye APK Analyzer kwanza, ikilalamika mrudishie mwenyewe aikompaili upya kabla hujajenga chochote juu yake.