One Book, One Chicago: jiji zima, kitabu kimoja, na foleni ya nakala

Msomaji wa Kiswahili hashangai akisikia kwamba maelfu ya watu wanasoma riwaya moja mwaka mmoja. Wanafunzi wa sekondari Kenya na Tanzania husoma vitabu teule vilevile nchi nzima, mtihani ukiwangoja. Mwaka 2001 Maktaba ya Umma ya Chicago ilianzisha jambo la namna hiyo, ila pasipo mtihani: ilichagua kitabu, ikasambaza nakala katika matawi yake, ikawaalika wakazi wote wakisome kwa wakati mmoja kisha wakutane kukijadili. Huduma hiyo imedumu zaidi ya miaka 20 na mkazi wa jiji haimgharimu hata senti. Tunaisifu kwa moyo mkunjufu, lakini mtu anayejiunga kwa kuchelewa ataambulia mabango tu.

Anza na kadi ya maktaba. Mkazi hupewa bure tawini, akionyesha kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Kitabu huazimwa kwa wiki 3, na mfumo huongeza muda wenyewe iwapo hakuna mwingine anayekisubiri. Kitabu kilichochaguliwa kwa msimu husubiriwa daima, kwa hiyo usitegemee nyongeza. Faini za kuchelewa zilifutwa mwaka 2019, uamuzi mzuri sana kwa familia zilizokuwa zikiiogopa kaunta ya maktaba. Hata hivyo, nakala inayocheleweshwa kwako ni wiki zinazopotea kwa jirani yako.

Piga hesabu kabla ya kukaa kwenye foleni. Nakala moja hukaa kwa msomaji wiki 3. Ongeza siku za kurudishwa, kupelekwa tawi jingine na kulala rafuni hadi mwenye zamu aje kuichukua. Ni karibu wiki 4 kwa kila mtu. Ukikuta watu 10 mbele yako na nakala 2 tu, zamu yako itafika baada ya wiki 20 hivi, mijadala imeshakwisha. Kwa hiyo weka oda ya kuazima siku ileile kitabu kinapotangazwa. Ukikuta wanaosubiri wamezidi 2 kwa kila nakala, tafuta nakala ya mtumba au mshirikiane na rafiki kununua moja. Kitabu pepe nacho hakiponyi tatizo hili: kwa kawaida leseni moja ni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, hivyo foleni hukufuata mpaka kwenye simu.

Wazo lenyewe lilitoka Seattle. Mwaka 1998 mkutubi Nancy Pearl na wenzake walialika mji wao kusoma The Sweet Hereafter ya Russell Banks, na tunaona kwamba uchaguzi ule wa kwanza bado ni somo kwa kila kamati inayochagua kitabu cha jiji. Basi la shule linapata ajali katika mji mdogo, na wasimulizi 4 wanaieleza ajali ileile, kila mmoja kwa jicho lake. Muulize msomaji swali moja tu, nani alaumiwe, na chumba kizima kitakuwa na la kusema. Kitabu cha kusomwa na jiji kinahitaji jambo ambalo watu wazima wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake. Chicago ilianza na To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, hadithi ya kesi ya mtu Mweusi anayesingiziwa. Ni kitabu kinachosomeka kwa urahisi na kilifaa kulifungulia jiji mlango, ila kwa kuwa haki iko upande mmoja waziwazi, kiongozi wa mjadala hulazimika kuchimba zaidi: aulize kuhusu majirani walionyamaza.

Mwanzoni kulikuwa na vitabu 2 kwa mwaka, kimoja majira ya kuchipua na kingine majira ya vuli. Tangu 2013 mpango ulibadilika, ukawa na kitabu kimoja kinachobeba mada ya miezi mingi. Cha kwanza katika mtindo huo kilikuwa The Warmth of Other Suns ya Isabel Wilkerson, kuhusu Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliohama kutoka majimbo ya kusini kati ya 1915 na 1970. Hapa maktaba ililenga palepale, maana familia nyingi za Chicago ziliingia jijini kwa safari hiyohiyo. Lakini kitabu kina zaidi ya kurasa 600, na muda mrefu una hasara yake: huyu yuko sura ya pili, yule amemaliza mwezi uliopita, na hapo kusoma pamoja kunabaki jina. Pia mihadhara, filamu na maonyesho huigusa mada kwa upana kiasi kwamba mtu anaweza kuhudhuria msimu mzima bila kufungua ukurasa. Dawa ni rahisi: kurasa 20 kwa siku zinamaliza kitabu kama hicho kwa mwezi na ushei. Maktaba ingechapisha ratiba ya kila wiki kwenye alamisho na kuisambaza pamoja na kitabu.

Kati ya shughuli zote, nenda kwanza kwenye mjadala wa tawi la mtaani, usiku wa mwandishi ufuate baadaye. Ukumbini utasikiliza, tawini utasema. Watu 8 hadi 12 wanatosha. Wakizidi 15, nusu hukaa kimya na wawili hutawala. Mwezeshaji asifungue kwa kuuliza kama watu wamekipenda, kwani hapo jibu ni ndiyo au hapana na mazungumzo yanakufa. Asome aya moja kwa sauti, ataje ukurasa, kisha aulize kwa nini mhusika alitenda vile. Na ukienda kumsikiliza mwandishi, uwe umemaliza kitabu, kwa sababu maswali ya watu huanika mwisho wake.

New York inaonyesha hatari nyingine. Mwaka 2002 kamati yake iligawanyika kati ya vitabu viwili, wengine wakihofia kuudhi jamii fulani, na jiji halikupata kitabu kimoja. Mwaka 2017 lilirudi na kura ya wananchi juu ya vitabu 5, ikashinda Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie. Kura iliondoa ugomvi wa kamati na kuwafanya watu wakijue kitabu kabla hakijafika rafuni. Chicago ingefaa kuijaribu angalau msimu mmoja.

Jambo moja kwa Waswahili wanaoishi Chicago. Mwaka wa kwanza maktaba ilikuwa na nakala za Kihispania na Kipolandi pia. Usitarajie tafsiri ya Kiswahili. Ikiwa Kiingereza chako cha kusoma ni cha polepole, azima kitabu cha karatasi na cha kusikiliza kwa pamoja, punguza kasi ya sauti hadi 0.75, ufuatilie mistari kwa kidole. Oda za vyote viwili ziwekwe siku moja, maana kila kimoja kina foleni yake.