Nairobi Half Life au Supa Modo: uanze na ipi?

Zote ni filamu za Kenya na zote zimetokana na mradi wa One Fine Day Films, unaowafunza watengenezaji filamu wa Afrika. Zaidi ya hapo, kila moja na njia yake.

Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga inamfuata Mwas, kijana wa kijijini anayetamani uigizaji. Hajakaa sawa mjini anaibiwa, kisha anajikuta selo akisafisha choo kichafu ajabu. Joseph Wairimu anaibeba filamu, na Sheng yake ni ya mtaani kweli. Vurugu za mwishoni zimenizidi. Naipa 8 kati ya 10.

Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina ni fupi, dakika 74 tu. Jo ana miaka 9, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anaota kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinajipanga kumtimizia. Mvutano wa mama na dada yake kuhusu siku zilizobaki ndio ulionishika zaidi, kwa sababu wote wawili wana haki. Stycie Waweru haigizi ugonjwa, anaigiza mtoto anayetaka kucheza. Naipa 9. Ukiwa na watoto nyumbani anza na hii, na kaa nao mpaka mwisho, maana watauliza maswali.