MediaWiki kwenye seva mpya: uzoefu wangu wa kuhamisha wiki ya miongozo

Kikundi chetu cha watumiaji wa Linux kina wiki ya miongozo ya Kiswahili: kufunga Debian (mojawapo ya matoleo ya Linux) kwenye kompyuta kuukuu, kuunganisha printa, kuokoa faili zilizofutika. Walioiandika ni wanafunzi na mafundi, wengi wao usiku baada ya kazi. Seva tuliyokuwa nayo ilibaki kwenye Debian 10 na PHP 7.3 (lugha ya programu inayoendesha wiki), zote zimeshaachwa bila masasisho ya usalama. Kuhama kukawa lazima, na kazi nikaibeba mimi.

Tunatumia MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, na safari hii imenifanya niipende zaidi. Mali yake muhimu imekaa mahali patatu: hifadhidata, folda ya images na faili la LocalSettings.php. Ukibeba hivyo vitatu, historia ya kila ukurasa inakuja nayo, pamoja na jina la kila aliyegusa sentensi. Mtu aliyejitolea miaka yote hiyo bila malipo hastahili kupotezewa jina lake. Picha nilizihamisha kwa rsync, programu ya kunakili faili. Mtandao ulipokatika katikati nilirudia amri ileile, nayo ikamalizia faili zilizobaki tu.

Kilichoninyima usingizi ni alama moja ndogo. Kiswahili hakina herufi zenye vikorombwezo, kwa hiyo sikuwaza kabisa habari za usimbaji, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi. Nikatoa nakala ya hifadhidata kwa amri ya mysqldump, nikaiingiza kwenye seva mpya, nikafungua ukurasa wa mwanzo: safi. Kisha nikabofya kiungo cha “Kupunguza mng’ao wa skrini”, kikawa chekundu, eti ukurasa haupo. Ulikuwepo, ila kichwa chake kilikuwa kimegeuka “mngâ€™ao”. Simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, na kila kichwa chenye ng’ ya namna hiyo kiliharibika. Maandishi ya ndani yalisalimika kwa sababu MediaWiki huyahifadhi kama baiti tupu. Vichwa vyetu tayari vilikuwa utf8 (usimbaji wa kisasa), ila vilikaa kwenye majedwali ya zamani yaliyotambulishwa kuwa latin1 (usimbaji wa zamani), na mysqldump ikavigeuza kwenda utf8 mara ya pili. Nilifuta kila kitu, nikatoa nakala upya kwa --default-character-set=latin1, na viungo vyote vikarudi kuwa vya bluu. Kama wiki yenu ni ya siku nyingi, tafuteni ng’ kwenye vichwa kabla hamjatangaza kuwa mmehama.

Mengine yalikwenda vizuri. Debian 12 huja na PHP 8.2, ambayo toleo letu la MediaWiki, 1.35, halikuandaliwa kwa ajili yake, hivyo nikapanda hadi 1.39 na kuendesha update.php, inayorekebisha hifadhidata iendane na toleo jipya. Siku moja kabla nilishusha TTL ya kikoa (muda ambao anwani ya seva hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) kutoka sekunde 86400 hadi 300. Usiku wa kuhama niliweka mpangilio wa $wgReadOnly kwenye LocalSettings.php, watu wakaendelea kusoma bila kuhariri. Cheti cha https ni cha Let's Encrypt, bure. Chetu ni cha siku 90, na programu ya certbot hukihuisha yenyewe.

Naipendekeza MediaWiki kwa kikundi chochote chenye mtu mmoja asiyeogopa kuandika amri. Msio naye, mtafuteni kwanza.

Seva ya zamani sijaifuta. Nitaiacha mwezi mzima, ya kusomwa tu, mpaka wenzangu wote wapitie kurasa walizoandika.