Unga wa mlonge: lishe safi, lebo pungufu kwa anayekunywa antibayotiki

Kwa upande wa lishe, unga wa majani ya mlonge tunaupa alama za juu. Ulio mzuri ni wa kijani kilichokolea na hunukia majani makavu. Ukiwa wa kahawia, basi ama majani yalichomwa na jua wakati wa kuanikwa ama umekaa sana dukani. Ulioshika mabonge umeingiwa na unyevu. Usiununue, ukungu hauko mbali.

Alama tunazipunguza kwenye lebo. Maelekezo ya kawaida ni kijiko kimoja mara mbili kwa siku, basi. Mgonjwa aliyeandikiwa antibayotiki ya siprofloksasini au doksisaiklini haambiwi lolote, na yeye ndiye anayehitaji onyo kuliko wote.

Gramu 100 za unga huu huwa na takribani miligramu 2,000 za kalsiamu, pamoja na madini ya chuma kwa wingi. Kijiko kimoja cha chakula, gramu 8 hivi, kina kalsiamu karibu sawa na nusu kikombe cha maziwa. Madini hayo yakikutana na dawa hizo mbili tumboni, huzishika na kuungana nazo, na kinachotokea hakipenyi vizuri ukuta wa utumbo. Sehemu ya dawa inaishia chooni. Mgonjwa amemeza vidonge vyote kwa uaminifu, lakini kiwango kilichofika kwenye damu ni kidogo, bakteria wanabaki, na lawama inaiangukia dawa.

Kwa siprofloksasini, kanuni inayotumika kwa kalsiamu na chuma ni kumeza dawa saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake. Unga huu nao tunauwekea kanuni hiyohiyo. Ukimeza kidonge saa 1 asubuhi na kingine saa 1 usiku, nafasi ya mlonge mchana ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana. Maana yake ni kijiko kimoja mchana. Cha pili kina nafasi kati ya saa 3 usiku na saa 7 usiku tu, hata lebo iseme nini.

Kwa doksisaiklini tunashauri uuache kabisa mpaka dozi iishe. Dawa hii hurudi tena kwenye utumbo kupitia nyongo, na chuma kinaweza kuidaka huko hata kama vilimezwa kwa saa tofauti. Siku 7 bila mlonge hazimpunguzii mtu afya.

Amoksilini, antibayotiki nyingine, haina ugomvi huu na madini.

Angalia pia kama unga umechanganywa. Ukikuta pilipili manga kwenye orodha ya viambato, jua kwamba inaweza kubadilisha jinsi mwili unavyofyonza na kuvunja baadhi ya dawa; mwoneshe mfamasia kopo lenyewe, usimsimulie kwa kichwa. Mlonge wa maji kwenye chupa, uliotolewa kwa pombe, usiuguse ukiwa kwenye antibayotiki ya metronidazoli, wala siku 3 baada ya kuimaliza.

Kama umeshakunywa dawa na mlonge pamoja, usirudie kidonge wala usimeze viwili kwa mpigo. Subiri muda wa dozi inayofuata, weka kopo pembeni, na mweleze aliyekupa dawa ni mara ngapi imetokea.