Makumbusho ya Historia ya Madrid: nenda kwa ajili ya duara moja

Kiingilio ni bure. Naanza na hilo kwa sababu kwa mtu aliyetoka Dar, Madrid inamaliza hela. Shuka metro kituo cha Tribunal, utaliona lango la mawe la Pedro de Ribera, limejaa nakshi hadi macho yanachoka. Zamani jengo hili lilikuwa makao ya maskini. Jumatatu hufungwa.

Mimi ni fundi fremu Kariakoo. Ofisi na maduka ndio wateja wangu, na wanachotaka ni picha ya Rais ya kutundika ukutani. Machi 2021 fremu nyingi zilirudi dukani kubadilishwa kilichomo tu. Kwa hiyo picha ya mchoraji Mhispania Goya niliyoifuata hapa niliitazama kikazi.

Mwaka 1810 viongozi wa jiji walitaka picha ya José Bonaparte, kaka yake Napoleon, aliyesimikwa ufalme wa Hispania. Goya, mchoraji mkuu wa kasri tangu 1799 enzi za mfalme Carlos IV, akaipokea kazi. Alichora mwanamke mwenye taji, ndiye Madrid, na mbwa miguuni. Mwanamke anaonyesha kwa kidole duara lililoshikwa na malaika, na uso wa José ulikuwa humo.

Wafaransa walipoondoka 1812, uso ukafunikwa kwa rangi, pakaandikwa “Constitución”, yaani katiba. José akarudi, na uso wake ukarudi. Alipokimbia tena, ikarudi katiba. Mwaka 1814 akarudi kushika ufalme Fernando VII, mwana wa Carlos IV, aliyeifuta katiba yenyewe, na duara likawa lake. Maneno yanayosomeka leo, “Dos de Mayo”, aliyaandika Vicente Palmaroli mwaka 1872: ni tarehe 2 Mei 1808, siku wakazi wa Madrid walipowainukia Wafaransa. Picha iliyoagizwa kumtukuza José inawaenzi watu waliouawa na jeshi la ndugu yake!

Kifundi, duara lile ni fremu ndani ya picha. Unamtoa huyu, unamweka yule, malaika hawaguswi. Mbwa naye, ambaye kwa wachoraji wa Ulaya ni alama ya uaminifu, ametulia tu kwa mabwana wote.

Wapo wanaomwita Goya kigeugeu. Alipewa nishani na José, kisha Fernando aliporudi akachunguzwa, akasafishwa, akaendelea kumchora Fernando. Mimi simlaumu sana. Mshahara ulitoka kasri, na kasri haikuhama, waliohama ni wenyewe. Ila mwaka huohuo wa 1814 alichora pia mauaji ya tarehe 3 Mei, na mle hamna mfalme hata mmoja.

Hiyo iko Prado, makumbusho nyingine ya Madrid. Panga hivi: asubuhi hapa, jioni Prado. Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni kule nako ni bure, lakini foleni ni ndefu, wahi.