Kayaki katika Mida Creek: huduma nzuri kwa anayeyafuata maji

Likizo ya Agosti huwakuta wakazi wengi wa Mombasa, Kilifi na Malindi wakijiuliza waende wapi, ilhali mkono wa bahari wa Mida uko pale pale, umejificha nyuma ya mikoko, si mbali na barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Mwaka huu familia yetu iliamua kubaki Pwani, tukakodi kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya kupiga kafi, kwa kikundi kidogo cha vijana wa upande wa Watamu. Maoni yangu ni kwamba hii ni miongoni mwa huduma bora ambazo mkazi wa hapa anaweza kuzipata bila kupanda ndege wala basi la usiku, mradi anayekukodisha awe mtu anayeyafuata maji badala ya kufuata saa za kufungua na kufunga duka. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza katika tathmini hii, nami nakiweka mbele ya rangi ya chombo na hata ukarimu wa mapokezi.

Sababu iko katika umbile la Mida kwenyewe. Eneo hili limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, na hakuna mto mkubwa unaomwaga maji humo. Maji ya chumvi huingia na kutoka kupitia mlango wa upande wa bahari, huku maji baridi yakichuruzika chini kwa chini kutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo mandhari hubadilika kabisa kila baada ya saa sita na dakika kidogo, na mahali unapoelea bila wasiwasi maji yakiwa yamejaa, yakishakupwa utawakuta wavuvi wakitembea kwa miguu juu ya tope wakichimba chambo.

Wazee wa Pwani wanayajua haya tangu utotoni, lakini wengi wetu tuliokulia mjini tumeyasahau. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hukupwa mnamo saa nne, na tofauti kati ya kujaa na kukupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, yaani zile za katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua sana, na kujaa huangukia takriban saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa ya kujaa huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Halmashauri ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji kila mwaka, kwa hiyo hakuna mwenye kayaki za kukodisha anayeweza kusema hakujua.

Vijana waliotuhudumia walilijua jedwali hilo vizuri. Tulipopiga simu tukiomba nafasi ya asubuhi, kwa kuwa tulitaka kulikwepa jua kali, walikataa kwa adabu na kutueleza kwamba siku hiyo ilikuwa ya bamvua, kwamba saa nne asubuhi tungekuta matope matupu, na kwamba wangetungoja saa nane na nusu mchana. Nililipenda jibu hilo, kwani mfanyabiashara mwenye tamaa angepokea pesa kwanza na kuyaacha maelezo kwa baadaye. Tuliondoka ufuoni maji yakiwa bado yanaingia, mkondo ukatusukuma ndani kuelekea kisiwa cha Sudi bila jasho jingi, tukakaa humo wakati maji yametulia, kisha tukarudi nayo yalipoanza kutoka. Hata binti yangu, ambaye hakuwa amewahi kushika kafi maishani mwake, alirejea bila kulalamikia mabega. Jirani yetu aliyekodi mahali pengine wiki hiyo hiyo alipewa chombo asubuhi bila kuulizwa lolote, akaishia kukiburuta matopeni pamoja na mkewe, wakikanyaga nyasi za bahari ambazo kasa huzila.

Katika kurudi, mwongozaji alisisitiza jambo ambalo kila mgeni anapaswa kuambiwa kabla ya kugusa maji. Maji yanapotoka, mkondo huongeza nguvu kadiri unavyoukaribia mlango, na mtu asiyezoea anaweza kuvutwa kuelekea bahari kuu huku akidhani kwamba anasafiri vizuri. Alituweka upande wa mikoko muda wote, yeye mwenyewe akiwa nyuma yetu ili aweze kutuona sote, na akatupandisha nchi kavu mapema. Kwa Agosti kuna pia upepo wa kusi, ambao huanza kuvuma kwa nguvu mchana na kuigeuza pua ya kayaki isiyo na mzigo. Ndani ya Mida upepo huo huvunjwa na miti, lakini sehemu zilizo wazi zinahitaji mikono yenye nguvu, na ndiyo maana nawashauri wasiozoea wachague kayaki ya watu wawili, mwenye nguvu akae nyuma.

Faida kubwa ya kayaki kuliko mashua ya injini ni kimya na wepesi wake. Inapita mahali penye kina kidogo tu, inaingia katika vijia vya maji ambavyo mashua haithubutu kuviingia, na ndege hawashtuki. Mdiria mmoja alikaa juu ya mzizi karibu sana nasi, akatumbukia majini, akarudi na samaki mdomoni, akampigapiga kwenye mzizi kabla ya kummeza. Mwongozaji alituonyesha jinsi kila mti ulivyojichagulia mahali pake: mlilana mbele kabisa, unapopokea bahari, kisha mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi iliyopinda na kushikwa na chaza, na nyuma zaidi mkandaa na mchu. Alichuma jani la mchu akatuambia tulilambe upande wa chini. Lilikuwa na chumvi kavu kama unga mwembamba, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Mwanangu amesoma habari za mikoko darasani, lakini sidhani kama aliielewa kabla ya hapo.

Hao chaza wa kwenye mizizi wanastahili onyo. Magamba yao hukata kama wembe, na ukijaribu kuisukuma kayaki kwa mguu au kwa kiganja utatoka na jeraha. Vaa viatu vinavyofunika vidole, si kandambili, na utumie kafi kujisukumia.

Wanaokwenda kwa ajili ya ndege wajue kwamba Agosti si msimu wake. Makundi makubwa ya ndege wahamiaji hufika kuanzia Septemba na Oktoba na kukaa hadi Aprili, wakiwemo wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wanaoishi kwa kula kaa, ambao wataalamu huja Mida kutoka nchi za mbali kuwatazama. Sisi tuliwaona wachache, pamoja na yangeyange wengi. Tena ndege hao wa ufuoni hula maji yakiwa yamekupwa, wakati ambao kayaki haina kazi, kwa hiyo mpenzi wa ndege atafaidi zaidi akitumia daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, na kayaki aiache kwa siku au saa nyingine.

Vyombo vilikuwa vya plastiki, vya aina ya kukaliwa juu, vyenye matundu ya kutolea maji, na havikuwa na ufa wala viraka. Makafi yalikuwa mepesi na ya urefu unaofaa. Kilichoniudhi ni majaketi ya kuokolea maisha. Ya watu wazima yalitosha, lakini ya watoto yalikuwa machache, na lile alilopewa mwanangu mdogo lilikuwa na bizimu iliyovunjika, mkanda ukiwa umefungwa kwa fundo la kamba. Niliuliza, nikaambiwa kwamba mengine yameagizwa. Niliamua abaki ufuoni na mama yake, na ingawa alilia, sijutii uamuzi huo hata kidogo. Kikundi chenye ujuzi mkubwa kiasi kile wa maji hakina sababu ya kuzembea katika kitu cha bei nafuu kama bizimu. Upungufu mwingine ni mdogo: hakuna mifuko isiyopenya maji ya kutilia simu, kwa hiyo nenda na wako, na kivuli cha kungojea zamu hakitoshi.

Bei hutozwa kwa kila mtu, mwongozaji akiwa amejumuishwa, na mkazi wa Kenya hulipa pungufu kuliko mgeni wa nje, ila ni lazima aulize, kwa kuwa bei haijaandikwa popote. Uliza pia kama ada ya hifadhi imo ndani ya bei hiyo au utailipa mwenyewe. Anayetaka kuifanya siku nzima anaweza kuanzia asubuhi katika magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024 na yaliyo karibu sana na hapa, kisha aingie majini alasiri, na jioni ale sambusa za kaa kule Dabaso, katika mkahawa wa jamii uliojengwa juu ya mikoko. Kaa wale wanatoka katika maji hayo hayo unayoyatazama ukiwa mezani.

Kwa watu wazima na vijana wanaojua kuogelea, naipendekeza huduma hii bila kusita, hasa siku za bamvua, na nafasi iwekwe siku kadhaa kabla kwa kuwa saa nzuri za maji ni chache na huwahiwa. Kwa watoto wadogo ningesubiri. Tumepanga kurudi Desemba, na kabla ya kulipa nitaomba kwanza kuyaona majaketi.